Gia ya spidomita: ninunue ya meno mangapi?

Mzabibu
Habarini wakuu. Nina Hilux ya 1992, dizeli, 4WD, nabebea mahindi kutoka Kibaigwa kuja Dodoma mjini. Mwaka jana gia boksi ilikufa, nikafungiwa ya mtumba pamoja na transfa yake (boksi linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na nyuma). Mwezi huohuo nikatoa matairi ya 205R16, nikaweka 7.00R16 kwa sababu ya mzigo. Tangu hapo spidi inasoma pungufu. Juzi naingia Kibaigwa mshale uko 46, nasimamishwa, tochi ya trafiki inasema 53. Faini nimelipa, sina neno. Ila gari hii anaiendesha pia mdogo wangu, na sitaki aingie kona akiamini ana 70 kumbe ni 80. Nataka kubadili gia inayozungusha kebo ya spidomita, dukani wananiuliza meno mangapi, nakosa jibu.

Spana 14
Pole mkuu. Usinunue kitu kwanza. Washa GPS ya simu, tembea kilomita 40, halafu soma namba za kilomita kwenye dashibodi, mshale achana nao. Mshale unavutwa kwa sumaku na springi, ukizeeka unadanganya wenyewe. Namba zinazungushwa na meno moja kwa moja. Zikiwa sahihi na mshale uko chini, ugonjwa uko kwenye saa ya spidi yenyewe, gia haitakusaidia.

Mzabibu
Nimetembea leo. Simu 40, dashibodi 35.

Bahi Road
Si arudishe matairi ya zamani tu?

Spana 14
Hayatoshi. 7.00R16 inaizidi 205R16 kwa mzunguko kama asilimia 5 au 6 hivi. Huyu amepungukiwa asilimia 12.5, kwa hiyo kilichobaki kimekuja na transfa ya mtumba.

Mzabibu, ingia chini ya gari. Pale kebo ya spidi inapoingilia transfa, safisha kwanza kwa brashi na dizeli, vumbi letu la Dodoma lisidondokee ndani. Fungua kebo, toa bolti moja inayoshika kibati, vuta taratibu huku unazungusha. Kigia cha plastiki kitatoka na mshikio wake. Weka alama ya peni kwenye jino la kwanza kabla ya kuhesabu, maana meno yamekatwa mshazari na jicho linapotea. Zidisha kwa 35, gawanya kwa 40.

Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanataka spidi isome juu, wananunua meno mengi. Hiki kigia kinazungushwa. Meno yakipungua, kinazunguka haraka zaidi, na kebo pia.

Mzabibu
Nimehesabu mara tatu: 33. Jibu 28.9.

Spana 14
Tafuta 29. Nenda na cha zamani mkononi, linganisha mlalo wa meno na unene wa shina, idadi peke yake haitoshi. Weka sili na oringi mpya. Halafu oili ya injini: kama unamwaga kila 5,000 za dashibodi, umekuwa ukitembea zaidi ya 5,700.

Mzabibu
Hapa Dodoma nimekosa, nikapata Gerezani, Dar, kikaletwa na basi. Nimefunga jana. Kilomita 40 za simu, dashibodi 39.8. Cha zamani kilikuwa na jino moja limeanza kuliwa. Oili nimemwaga leoleo. Asante sana mkuu, mdogo wangu anaondoka nayo alfajiri.