Mrejesho: ng'ombe wangu mzee amezaa

Ndugu wafugaji, niliuliza kama ng'ombe wangu mzee wa maziwa, mwenye mimba, nimpeleke mnadani Pugu au nimsubiri azalie hapa Kibamba. Nilimsubiri. Kama mlivyoshauri, niliacha kumkamua takriban siku 60 kabla ya kuzaa, na daktari wa mifugo akakaa tayari kwa homa ya maziwa, ambayo huwapata zaidi ng'ombe waliozaa mara nyingi, kwa kuwa kalisiamu hupungua ghafla katika damu. Kweli alilala asiinuke, akatiwa kalisiamu mshipani na kusimama siku hiyohiyo. Ndama, tena jike, alinyweshwa dang'a, yaani maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, kwa chupa ndani ya saa 6 za mwanzo, maana chuchu za mama zimening'inia mno. Mama hatapandishwa tena. Maziwa yakipungua, atauzwa.