Tuzo za redio: tunapima ubora wa kipindi au urefu wa mnara?

Mtayarishaji wa Chamwino:
Wanajukwaa, habari za kazi. Ninatayarisha vipindi vya kilimo na afya katika redio ndogo hapa mkoani Dodoma, yenye leseni ya ngazi ya wilaya. Kipindi chetu kimoja kiliteuliwa kuwania tuzo ambazo sitazitaja jina, na katika kundi la kipindi bora tukapambanishwa na vipindi vya redio zinazosikika nchi nzima. Mshindi alipatikana kwa kura za ujumbe mfupi wa simu. Sina kinyongo na aliyeshinda, kwa kuwa kipindi chake nakisikiliza na ni kizuri. Ninachouliza ni kwamba mkazi wa Kigoma au Mbeya, ambaye masafa yetu hayamfikii, angetupigia kura kwa kigezo gani? Isitoshe, cheti cha uteuzi kiliandikwa jina la mtangazaji peke yake, ilhali mahojiano yote yalirekodiwa vijijini na mwandishi wa kujitegemea anayelipwa kwa kazi, tena kwa kuchelewa. Je, upo utaratibu wenye haki zaidi, au tuzo zote ndivyo zilivyo?

Msikilizaji wa Kizota:
Pole, ndugu, lakini mimi nazitetea kura. Redio ni mali ya wanaoisikiliza, na tukiwaachia majaji wachache waliozoeana na watangazaji wakubwa, watapeana wao kwa wao. Redio yenu ingehamasisha wasikilizaji wake mapema.

Mhariri wa zamani:
Ndugu Msikilizaji, hofu yako kuhusu majaji ina msingi, ila kura haiiondoi. Redio ya wilaya ikihamasisha wasikilizaji wake wote hadi wa mwisho, bado haitafikia idadi ya wale wanaoisikia redio ya taifa, kwa hiyo matokeo yamekwishaamuliwa na leseni kabla ya kura ya kwanza kutumwa.

Wenzetu waliliona hilo zamani. Afrika Kusini, tuzo za redio zilizoanza mwaka 2010 zimetenganisha redio za vyuo, za jamii, za utangazaji wa umma na za biashara, kila moja ikishindana na ya aina yake. Tuzo za Sony za Uingereza zilikuwa na kituo bora cha mwaka kwa wenye wasikilizaji chini ya 300,000, kwa wenye 300,000 hadi milioni moja, na kwa waliozidi hapo. Tuzo za Marconi za Marekani nazo hugawanya vituo kwa ukubwa wa soko. Kwetu kazi hiyo ingekuwa rahisi zaidi, maana TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, tayari inatoa leseni za kitaifa, za mkoa, za wilaya na za jamii. Mwandaaji angechukua mgawanyo huo kama ulivyo. Wala hatukosi mfano wa nyumbani wa kutumia majaji: EJAT, tuzo za umahiri wa uandishi wa habari ambazo Baraza la Habari Tanzania limeziratibu tangu 2009, humtaka mwandishi awasilishe kazi yenyewe ili isikilizwe na jopo.

Kusikiliza kazi ndilo jambo kubwa hapa. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, katika mahindi iliua watu Chemba na Kondoa, na kwa jirani zetu Kiteto. Kipindi kinachomweleza mkulima wa Chemba, kwa mifano anayoifahamu, kwa nini akaushe mahindi juu ya turubai na asiyamwage kwenye udongo, hakitamsisimua kijana wa Dar es Salaam, na hakikutengenezwa kwa ajili yake. Jaji aliyekisikiliza anaweza kupima uthabiti wa vyanzo, uwazi wa lugha na usafi wa sauti, lakini mpiga kura ambaye hajawahi kukisikia hana cha kupima zaidi ya umaarufu wa jina. Kura ninazikubali kwa mtangazaji kipenzi cha wasikilizaji. Huko ziachwe zitawale, kwa kuwa mapenzi ndiyo yanayopimwa.

Kuhusu cheti, nakuunga mkono bila masharti. Mwandishi wa kujitegemea asiyetajwa anapoteza zaidi ya sifa, kwani cheti hicho kingekuwa ushahidi wake akiomba ajira.

Fundi mitambo, Singida:
Naongeza jambo ambalo hamjaligusa. Majaji watasikiliza nini ikiwa kipindi kimefutwa? Katika studio nyingi ndogo kompyuta ikijaa tunafuta vya zamani, na msimu wa tuzo unapofika mtayarishaji anawasilisha kilichobaki, ambacho si lazima kiwe kizuri kuliko vyote. Redio kubwa zina maktaba ya sauti na mtu wa kuitunza. Kutengwa kwa makundi hakutatusaidia sana kama hatuhifadhi kazi zetu.

Msikilizaji wa Kizota:
Mzee Mhariri, hoja ya leseni nimeipokea. Hata hivyo, majaji watangazwe majina mapema, na mwenye maslahi katika redio inayoshindana ajitoe.

Mtayarishaji wa Chamwino:
Nashukuru nyote. Nitawaandikia waandaaji kuomba makundi yafuate ngazi za leseni, pamoja na sharti hilo la majaji kutangazwa. Suala la majina halihitaji kumsubiri mtu: kuanzia wiki ijayo tutawataja mwishoni mwa kila kipindi wote walioshiriki, mwandishi wa kijijini akiwa wa kwanza. Ndugu Fundi, naomba unielekeze diski ya nje inayofaa kwa bajeti ndogo, kwa sababu vipindi vya msimu wa mavuno vilivyosalia vinakaribia kufutwa.