Kriketi ya wasioona Tanga: bonanza au ligi?

Wadau, salaam. Naleta hoja, na upande wangu nautaja mapema: vijana wetu wasioona wapate ligi ya kweli, yenye alama, yenye kufungwa, na yenye kuachwa nje ya kikosi ukizembea mazoezi.

Jumamosi nilikuwa kwenye bonanza moja hapa mjini. Kijana asiyeona kabisa alishika gongo, akainama, sikio kalielekeza chini. Mpira wao ni wa plastiki wenye gololi ndani. Hurushwa kwa mkono wa chini ukadunda ardhini, unalia kama kayamba. Mrushaji akauliza, "Tayari?" Akajibu, "Ndiyo." "Cheza!" Bodaboda ikapita na honi yake, mpira ukampita. Uliofuata aliuchapa ukaenda hadi mwembeni. Ova, yaani zamu za mipira sita sita, zilipokwisha akauliza, "Tumepata mikimbio mingapi?" Mikimbio ndiyo alama za kriketi. Mshereheshaji akatangaza kwenye spika, "Leo wote washindi!" Makofi. Kijana akauliza tena. Hakuna aliyekuwa ameandika.

Nilipolisimulia hili barazani Ngamiani, mzee mmoja ninayemheshimu sana akaniambia, "Mwanangu, hao mitihani wanayo ya kutosha, usiwaongezee wa kufungwa." Shikamoo yake naitoa, lakini hapo sikubaliani naye.

Mchezo huu waliuanzisha wasioona wenyewe, wafanyakazi wa kiwandani kule Melbourne mwaka 1922, kwa kopo lililotiwa mawe ili lisikike. Kombe la Dunia la kwanza lilichezwa New Delhi mwaka 1998, na bingwa akatoka Afrika: Afrika Kusini iliifunga Pakistan fainali. Tazameni na sheria zake. Katika kikosi cha watu 11, wasioona kabisa hawapungui wanne, na mikimbio ya hao huhesabiwa mara mbili. Maana yake nahodha anayetaka kushinda anamtafuta yule kijana, anamfundisha, anakasirika asipokuja. Pasipo kuhesabu alama, nani atamhitaji? Atabaki mgeni wa kupigiwa makofi.

Wapo wanaosema kriketi ni mchezo wa Wahindi. Mpira wa miguu nao ulikuja kwa meli.

Hoja ninayoiona nzito ni nauli. Mjini peke yake hatufikishi timu za kutosha. Itabidi tuwaalike na wenzetu wa shule ya wasioona ya Irente, na kutoka Lushoto kuteremka hadi hapa na watoto na walezi wao ni gharama. Pia madaktari wa macho lazima wapime nani haoni kabisa na nani anaona kidogo, la sivyo ugomvi utaanzia hapo. Kwa hiyo naona tuanze na timu mbili, mechi moja kila mwezi, uwanja ulio mbali na barabara.

Mnaopinga, leteni hoja. Na kama yupo Tanga hii ajuaye kuandika alama za kriketi, ajitokeze. Nauli yake juu yangu.