Naomba ushauri: mlinganyo wa ayoni wa asidi na kaboneti

Habari zenu ndugu zangu. Niko Tororo, Uganda, namsaidia mdogo wangu kujiandaa na UCE, mtihani wa mwisho wa kidato cha nne, tumekwama kwenye kemia.

Mlinganyo wa molekuli hautusumbui. Jiwe la chokaa, ambalo huku kwetu limejaa tele, likikutana na asidi hidrokloriki: CaCO₃ + 2HCl → CaCl₂ + H₂O + CO₂. Shida ni ule wa ayoni, yaani chembe zenye chaji. Yeye aliandika CO₃²⁻ + 2H⁺ → H₂O + CO₂, akakosa alama zote. Aliumia sana, maana kwa sodiamu kaboneti iliyoyeyushwa jibu hilohilo lilipata.

Ninavyoelewa mimi, CaCO₃ ni yabisi isiyoyeyuka majini, kwa hiyo haipasuliwi kuwa ayoni: CaCO₃ + 2H⁺ → Ca²⁺ + H₂O + CO₂. Cl⁻ pekee ndiyo inaondolewa. Niko sahihi?

Na tukitumia siki je? Asidi yake ni dhaifu, nahisi CH₃COOH ibaki nzima upande wa kushoto, halafu CH₃COO⁻ ionekane kulia.

Walimu mliomo humu, mnawafundishaje watoto kujua kipi cha kupasua na kipi cha kuacha, bila kukariri orodha ndefu ya chumvi? Nitashukuru sana.