Tumepewa lifti na mgombea. Tupande?

Kalamu_Changa
Wakubwa, habari zenu. Sisi ni wanafunzi wa uanahabari mwaka wa tatu, tuko kumi na mmoja, chuo kiko huku Pwani. Kuna uchaguzi mdogo wa ubunge eneobunge jirani, na mwalimu wetu anataka tufuate kampeni siku nne. Kila mtu arudi na habari tatu pamoja na daftari lake, ambalo atalisoma ukurasa kwa ukurasa. Chuo kimetoa barua, nauli hakikutoa. Sasa kijana mmoja wa kamati ya mgombea ametupigia simu: kuna Nissan ya viti kumi na vinne, mafuta yao, chakula chao, sisi ni kupanda tu. Wenzangu washakubali moyoni. Mimi nasita lakini sina hoja, na mfukoni nina mia nane. Aliyewahi kwenda safari kama hii anieleze.

Binti_Mtwapa
Mdogo wangu, mimi nilipanda. Ilikuwa Julai 2022, nami mwaka wa tatu vilevile, tukimfuata mgombea mmoja wa kaunti kutoka Mtwapa, Kilifi mjini, Malindi, hadi Marafa. Simtaji, na wala hakuwa mtu mbaya. Ubaya ulikuwa kwenye kiti nilichokalia.

Gari la msafara halisimami unapotaka wewe. Kijiji kimoja kabla ya Marafa, mgombea ametoka kuahidi maji, na hatua hamsini nyuma ya jukwaa kina mama wamepanga madumu ya njano kwenye bomba kavu. Madumu mengine yamewekewa mawe juu yasipeperushwe na upepo, yaani hata wenyewe hawapo, wamechoka kungoja. Nikamwambia dereva niteremke dakika kumi. "Tunachelewa, dada." Habari ya siku ile niliiona kwenye kioo cha nyuma, ikimezwa na vumbi letu wenyewe.

Halafu daftari. Jioni kijana wa mawasiliano anakaa kando yako, mpole, mcheshi: "Leo umeandika nini?" Hakunipokonya. Nilimsomea mwenyewe! Kufika siku ya tatu nilikuwa naandika yale tu ambayo ningeweza kumsomea bila haya.

Mia tano "ya maji" pia nilipokea. Nikaila biriani Malindi, na ilikuwa tamu, sitadanganya.

Siku ya nne mimi na mwenzangu tukajitoa, tukapanda matatu. Mkutanoni sikukaa kwenye hema la wanahabari, nilikaa chini na kina mama. Ndipo nikamwona mzee mpiga ngoma, ngoma yake imezibwa kiraka cha mpira wa tairi upande mmoja. Kile kiraka nilishakiona Mtwapa siku ya kwanza, na Malindi pia. Nikamfuata baada ya hotuba. Akanieleza bila kificho: wanaletwa kwa lori, watu kama thelathini, wanalipwa kwa siku, na wiki inayofuata wameitwa na mpinzani. "Ngoma haina chama, mwanangu." Ndiyo habari pekee ya safari ile ambayo mwalimu hakuipiga kalamu nyekundu. Zile zingine zilisema "maelfu ya wafuasi", naye akaandika pembeni: nani alihesabu?

Mzee_wa_Tanga
Binti kasema vizuri, ila nitie neno. Huku Tanzania mwandishi wa mkoani mara nyingi hulipwa kwa habari iliyotoka, na ofisi haimpi gari. Asipopanda basi la mgombea hafiki. Kwa hiyo msiwatazame wakongwe mtakaowakuta mle ndani kama wachafu. Ukilazimika kupanda, andika kwenye habari yako kwamba ulisafirishwa nao, msomaji ajue.

Kuhusu umati, mimi nilichoma vidole kwenye uchaguzi wa urais wa 2015. Kila picha ya mikutano ya Lowassa wa upinzani tuliiita "mafuriko", na kwa kweli watu walijaa. Upande wa pili Magufuli anapiga pushapu jukwaani, tunacheka. Matokeo yaliyotangazwa: Magufuli asilimia 58.46, Lowassa 39.97. Upinzani uliyapinga, sawa, lakini mimi kwenye daftari langu sikuwa na mpiga kura hata mmoja niliyemuuliza kwa jina. Nilikuwa na picha za mafuriko tu.

Kalamu_Changa
Asante sana dada, asante mzee. Sasa huo umati unahesabiwaje na MC anapiga kelele?

Binti_Mtwapa
Kwa miguu. Fika mapema, uwanja ukiwa mtupu, upime kwa hatua ndefu, kila moja kama mita. Watu wakijaa, tazama wameishia wapi. Wakisimama kwa nafasi, weka wawili kwa kila mita ya mraba. Wakibanana mbele ya jukwaa, ongeza. Mkutano wangu wa mwisho walishika kama mita 60 kwa 40, ambazo ni mita 2,400 za mraba, basi karibu watu 4,800. MC alitangaza elfu thelathini, na magazeti mawili yakamwamini.

Na msiende bila kitambulisho cha Baraza la Vyombo vya Habari, wanafunzi wanapewa chao. Barua ya chuo polisi wa getini haisomi.

Jambo la mwisho: mwombe mwalimu awaache mpaka usiku wa kura. Kwa ubunge mtaitafuta fomu 35A, ndiyo ya matokeo ya kituo, hubandikwa mlangoni pa kituo baada ya kuhesabu. Mwaka 2022 yangu ilikuwa 34A ya urais, mlangoni pa darasa la shule ya msingi, nikinakili kwa mwanga wa simu. Ikazima nikiwa kwenye mstari wa kura zilizokataliwa. Wakala wa chama kimoja akanimulikia ya kwake, na wa chama kingine akanisomea tarakimu. Beba tochi.

Kalamu_Changa
Nimewasomea wenzangu haya yote. Saba wanapanda Nissan, wanne tumekataa. Yule kijana wa kamati ameuliza majina ya hao wanne.

Binti_Mtwapa
Hilo swali lake liandike ukurasa wa kwanza, na saa aliyouliza.