Mkahawa wa sushi wenye nyota 4.8 umetulisha jodari alolala, tena siku ya miaka 10 ya ndoa yetu

Asalam alaykum wanajamvi. Leo mie nna hasira zangu, mniache nizitoe. Jina la mkahawa silitaji kwa sababu shemegi yangu wakili kanionya, ila uko ufukweni hapa hapa Unguja, paa la makuti, na mitandaoni una nyota 4.8.

Kisa chenyewe. Mie na mama watoto tumetimiza miaka 10, na yeye siku nyingi anatamani sushi, hajawahi kula. Nikasema haya, mara moja katika umri. Nikabuku wiki mbili kabla kwa WhatsApp, nikatuma dipoziti 50,000, nikaomba meza ya mbele kabisa inayotazama bahari, nikauliza na wali kama wanatia mirini maana ile ni pombe ya mchele, wakajibu hawatii na meza ishawekwa jina langu.

Tunafika saa 12 kasoro, mke wangu kavaa baibui jipya, hina mpaka viwikoni, kijana anatupeleka nyuma ubavuni mwa mlango wa jikoni, kila ukifunguliwa tunapigwa na moshi wa mafuta. Nkamwambia yakhe mie nna buking ya mbele. Akanijibu kwa adabu kabisa, "Kaka zile za wageni." Kidogo ncheke. Waliokaa pale wamekuja na vesti na mchanga miguuni, wala hawajabuku, nimewaona kwa macho yangu wakiuliza mlangoni kama kuna nafasi. Kwa hivyo mie nlotoa dipoziti ndo mwenyeji, nikae na masufuria.

Nikanyamaza kwa ajili ya mke wangu.

Chakula dakika 50. Kimekuja, wali wa baridi, punje ngumu, kiporo cha friji hakina jina jengine. Watu wanafikiri sushi ni samaki mbichi, sushi ni ule wali wa siki, na unatakiwa uwe na uvuguvugu kama wa kiganja, ukishaharibu wali umeharibu yote. Mwani walofungia umelegea kama karatasi ilonyeshewa, unauma unavutika haukatiki (na msiniambie wetu wa Paje, wetu unakwenda viwandani kutolewa ute, huo wa sushi unakuja na pakti kutoka Asia). Na samaki wa mwanzo kwenye sahani ni samoni. Kisiwa kizima hichi kina nguru, kina changu, kina kolekole, kina ngisi, unaniletea samaki wa Norway alotoka kwenye barafu!

Haya tuje kwa jodari. Mke wangu mtoto wa Mkokotoni, babake kavua mpaka mgongo ukamshinda, jodari yeye hafundishwi. Juu kamiminiwa mayonezi ya pilipili na limau, akaisogeza kwa kijiti, akamulika kwa simu, nyama pembeni ishakuwa kahawia kama kutu. Akanambia "Baba watoto, huyu kalala." Mie kwa ubahili wa kukumbuka bei nkamwambia kula mama, ndo sushi ilivyo. Wallahi nalijutia neno lile mpaka leo.

Robo saa haijesha midomo inamuwasha, anasema kama kalamba pilipili, uso umemuiva, masikio yanawaka, moyo unamwenda mbio. Mie nilikula kipande kimoja tu, nikabaki na kichwa. Na siku ile umeme mchana kutwa ulikuwa unakata unarudi, sasa malizia mwenyewe. Zahanati daktari hata hakupima sana, kauliza tu, "Mumekula jodari au nguru?" Akatuelezea samaki wa ukoo ule, jodari, nguru, vibua, akikaa bila ya baridi ya kutosha anajaa histamini, kitu kinacholeta muwasho kama wa aleji, ndani ya nyama, na ikishaingia hata umchemshe hata umgandishe haitoki. Yaani kosa si ubichi, hata angekaangwa ni yale yale. Sindano, tukakaa mpaka saa 5 usiku, hina na baibui jipya juu ya benchi la zahanati. Hiyo ndo anivesari yangu.

Bili 412,000, na dipoziti hawakuikata mpaka nlipogomba. Asubuhi nampigia meneja, ati mbona wageni wengine hawajalalamika, labda mkeo ana aleji yake. Mtu kala jodari toka hajaota magego, leo ana aleji!

Usiku nikakaa nikazisoma zile rivyu moja moja. Jamani, nyota zote zile kapewa jua likizama! Machweo mazuri, upepo mzuri, muziki mzuri, mmoja kamsifu paka. Samaki hatajwi, akitajwa "freshi sana" basi, kaandika mtu aliyekaa kisiwani siku tatu. Na mie nikaandika yangu, nyota moja, nimeeleza kila kitu mpaka histamini. Kesho yake wamenijibu wanashukuru, wamefurahi tumesherehekea nao, na tukija tena tusikose machweo.

Sasa anaejua malalamiko haya yanafikishwaje ZFDA, wale Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, aniambie, risiti ninayo na karatasi ya daktari ninayo. Na nyie mtakaokuja na "ungempeleka Forodhani akala urojo", nshaambiwa na mama mkwe, tena mara tatu.