Divisheni One ya PCM: Iyunga au Mlimani?

Baba Tusa, Kyimo

Ndugu zangu habari za jioni. Kijana wangu kamaliza kidato cha sita, PCM, One ya 8: hesabu B, fizikia C, kemia C. Anataka uhandisi ujenzi. MUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia hapa Iyunga, Mbeya, wamemchagua, UDSM (Mlimani, Dar) nao wamemchagua, inabidi athibitishe kimoja. Nyumbani hakukaliki. Shemeji yangu wa Dar anasema Mlimani wanaingia wenye One kali, basi huko ndiko kwenye chuo. Mama yake anasema mtoto akisoma Mbeya atakula viazi vya nyumbani, bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo, lichelewe lisichelewe. Mimi mtu wa maparachichi, daraja la parachichi nalipanga kwa macho. Chuo kinapangwaje? Mliosoma huko, au wenye watoto huko, nisaidieni.

Mwalimu wa Taaluma

Baba Tusa, kwanza tutenganishe hesabu mbili ambazo wazazi huja nazo ofisini kwangu zikiwa zimechanganyika. Ile 8 ni ya Baraza la Mitihani: A ni 1, B ni 2, C ni 3, mwenye namba ndogo ndiye kinara. Vyuo, kwa mwongozo wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, vinahesabu kinyume: A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Hesabu na fizikia za kijana zinampa 7, wakati kiwango cha chini cha jumla ni 4 kwa masomo mawili. Ukifungua mwongozo utakutana na hiyo 4 mara nyingi mpaka udhani vyuo vyote ni kimoja. Hicho ni kizingiti tu. Waombaji wakiwa wengi na nafasi chache, anayepita ana zaidi ya hapo, na mwakani hali inaweza kuwa nyingine.

Sasa hoja ya shemeji. Chuo kikipokea wenye A tatu kikatoa wahitimu wazuri, sifa ni ya nani? Nyingine ni ya shule walizotoka, na ya wazazi waliolipa twisheni, tusidanganyane. Marekani, ambako wana mtihani wa SAT wa kuombea chuo, wachumi Stacy Dale na Alan Krueger walilichunguza jambo hili kwenye utafiti uliochapishwa 2002. Walichukua watu waliokubaliwa na kukataliwa na vyuo vinavyofanana, kisha mmoja akaenda chuo cha alama za juu na mwenzake akaenda cha kawaida. Miaka mingi baadaye, kwa wastani, vipato vyao vilikaribiana. Ila, na hapa usiparuke, watoto wa familia za kipato cha chini walifaidika kusoma kwenye chuo chenye ushindani. Mimi nadhani ni suala la kujuana: mtoto wa mkandarasi tayari ana watu wa kuwapigia simu, wa kwetu anakutana nao darasani. Kwa hiyo shemeji yako hajakosea kabisa, ila sababu aliyoitoa siyo.

Waulize vyuo vyote viwili: kati ya walioanza civil, yaani uhandisi ujenzi, wangapi wamemaliza kwa wakati? Na wakati wa fildi, yaani mafunzo kazini, chuo kinawatafutia nafasi au kila mtu na mjomba wake?

Fundi wa Iyunga

Mimi zao la MUST, civil. Chuo kilianza 1986 kama chuo cha ufundi na mpaka leo karakana ndiyo fahari yake. Mwaka wa kwanza tulisoma na wenzetu waliotokea diploma. Sisi wa PCM tuliwapiga tafu kwenye hesabu, wao wakatufundisha kushika vifaa vya upimaji. Hao hawana One wala Two, wameingia kwa GPA, wastani wa alama zao za diploma. Ukipanga vyuo kwa divisheni hao huwaoni kabisa, na baadhi yao ndio walikuwa wakali wetu.

Ukimaliza, Bodi ya Usajili wa Wahandisi haina habari na One yako. Unaanza kama mhandisi mhitimu, unafanya kazi chini ya usimamizi kama miaka mitatu, ndipo uombe uhandisi mtaalamu. Usaili wangu wa ajira serikalini ulianza na mtihani wa kuandika. Wa Mlimani, wa UDOM kule Dodoma, mimi wa Iyunga, karatasi ile ile.

Dada wa Mkwawa

Muulizeni shemeji na mimi aniweke wapi. Mkwawa ni chuo kishiriki cha UDSM tangu 2005, shahada yangu ni ya UDSM na nimeisomea Iringa, bila joto la Dar. Civil hatuna lakini.

Baba Tusa, Kyimo

Ndaga fijo, mwalimu. Hapo kwenye familia za kipato cha chini umenigusa. Kijana anasema mkopo ukija mzuri aende Mlimani, usipokuja abaki Iyunga. Na mkopo haujatoka.

Mwalimu wa Taaluma

Asisubiri mkopo ndipo athibitishe, dirisha litamfungia nje. Namba ya kuthibitisha inakuja kwa simu, na simu iwe mkononi mwake, siyo ya rafiki aliyemsaidia kuomba. Utaratibu wa kuhama chuo upo, lakini nafasi iwepo kule anakohamia, na alama zake zitoshe kwa kozi hiyo. Mimi kwa 7 ile, na baba mwenye maparachichi, ningemwambia Mlimani. Mama yake atanisamehe.

Fundi wa Iyunga

Mwalimu, viazi umevipima? Mwezi mmoja bumu likikwama Dar ndipo utajua mama alikuwa anasema nini.

Baba Tusa, Kyimo

Mama Tusa kasoma hapo juu, kacheka. Jumamosi tunashuka Iyunga wote watatu tukaione hiyo karakana.